Barua ya wazi kwa wakubwa wa Dodoma: Tuachieni giza kidogo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma. Ndugu Mkurugenzi wa Jiji. Na wote wanaoandaa zabuni za taa katika makao makuu ya nchi.

YAH: TAA ZENYE KOFIA, DARUBINI MOJA, NA VIUMBE WA SAYARI NYINGINE

Mbukwenyi.

Najua kichwa hicho kitamfanya mmoja wenu amuulize katibu muhtasi kama aliyeandika yuko timamu. Niko timamu. Nafundisha fizikia katika sekondari ya kata, Wilaya ya Chamwino, na ninachokifuata kwenu ni kitu cha kawaida kabisa: taa. Viumbe wa sayari nyingine nitawafikia, vumilieni.

Dodoma inakua, kila mtu anaona. Sensa ya 2012 ilikuta watu karibu 411,000 kwenye jiji hili; ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Serikali imehamia, Mtumba pamesimama maghorofa, treni ya SGR inaingia tangu 2024, Msalato unajengwa uwanja wa ndege, na kuna barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112. Sina kinyongo na lolote kati ya hayo. Nimesoma kwa kibatari, sitamani kukirudia. Lakini kila mradi unakuja na taa zake, na taa huchaguliwa kwa bei na kwa ukali wa mwanga. Mwanga unaelekea wapi, hilo haliulizwi. Hivyo kuna jambo linaamuliwa hapa bila mtu yeyote kukaa kikao kuliamua: watoto watakaozaliwa Dodoma miaka kumi ijayo wataona nyota ngapi.

Mtasema giza lipo kila mahali, la Dodoma lina nini? Lina mengi. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na tangu Mei hadi Novemba wingu ni kitu cha kutafuta. Ukame huu tunaoulalamikia kila mwaka ndio unaowatesa wakulima wetu wa uwele na mtama, na huo huo ndio unaotupa usiku mkavu, usio na ukungu, wiki baada ya wiki. Mtu akikaa hapa mwaka mzima anaona karibu anga lote, la kusini na la kaskazini. Mwenzetu wa London hauoni Msalaba wa Kusini hata siku moja. Sisi tunauona, na Dubu Mkubwa tunamwona, na kitovu cha galaksi yetu kinatupitia karibu na utosi nyakati za Juni na Julai.

Sasa nije kwa viumbe.

Mwaka 1960 Mmarekani Frank Drake alielekeza sahani kubwa ya redio ya Green Bank, West Virginia, kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akasikiliza kama kuna mtu anatangaza huko. Ndio ulikuwa mwanzo wa utafutaji wa kisasa wa viumbe wenye akili nje ya dunia. Hakupata kitu, ukiacha kelele iliyotoka hapa hapa kwetu. Nyota zenyewe ni jirani kwa vipimo vya anga: moja iko mbali miaka ya nuru kama 12 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima), nyingine kama 10 na nusu, na zote zinaonekana kwa macho matupu palipo na giza la kweli. Kwa Drake zilikuwa zimeinamia kusini. Kwa mtu wa Dodoma, Epsilon Eridani inaukosa utosi kwa nyuzi zisizofika 4. Oktoba na Novemba, saa sita usiku, lala chali tu.

Kuna nyingine inayotupita juu zaidi ya hapo. TRAPPIST-1 ni nyota ndogo, nyekundu, hafifu, miaka ya nuru kama 40 kutoka hapa, katika kundi la Ndoo. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba inazungukwa na sayari 7 zenye ukubwa unaokaribiana na wa dunia, na baadhi yake ziko umbali ambao maji yanaweza kukaa bila kuganda wala kuchemka. Ni miongoni mwa mahali panapochunguzwa sana leo na wanaotafuta dalili za uhai. Kwa macho haionekani, lakini Septemba usiku wa manane inapita juu ya mapaa ya Dodoma ikiukosa utosi kwa kama nyuzi moja tu. Ningekuwa mjumbe wa bodi ya utalii ningeshalipigia debe jambo hili.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kama wapo, mbona kimya?" Hakujua kwamba Enrico Fermi, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa karne iliyopita, aliuliza karibu hivyo hivyo wakiwa kwenye chakula cha mchana kule Los Alamos mwaka 1950, na kwamba wataalamu hawajaacha kubishana tangu siku hiyo. Nilimjibu ninavyoamini, nanyi nitawaambia vilevile ili msidhani nawaficha kitu.

Sayari si tatizo tena. Mpaka mwaka 1995 hatukuwa na sayari hata moja iliyothibitishwa kwenye nyota ya kawaida inayofanana na jua letu. Waswisi wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, wakaipata ya kwanza, na mwaka 2019 wakapewa Nobeli. Leo orodha imepita sayari 6,000, na hizo ni za ujirani wetu tu katika galaksi yenye nyota zaidi ya bilioni 100. Vijidudu? Nadhani vipo, tena pengi. Viumbe wenye akili ya kutengeneza redio? Hapo nasita. Hapa kwetu uhai una zaidi ya miaka bilioni 3 na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ulikuwa utelezi tu ndani ya maji. Redio haijafikisha hata miaka 140. Mtu wa mbali aliyetega sikio kuelekea huku angeweza kusikiliza miaka bilioni 3 asisikie chochote, akaandika kwenye daftari lake kwamba huku hakuna watu.

Na sisi tumesikiliza muda mfupi, tena kwa mianya. Jill Tarter, aliyetumia maisha yake kwenye kazi hii, hulinganisha tulichokwisha kuchunguza na bilauri moja ya maji iliyochotwa baharini: ukikuta haina samaki, huwezi kusema bahari ni tupu. Mara moja tu, Agosti 15, 1977, sahani ya redio kule Ohio ilinasa mlio wenye nguvu wa sekunde 72 ambao hadi leo haujapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Haukurudi tena.

Kinachoniudhi ni kwamba pale tunapokosa vifaa na maarifa, nafasi inajazwa na WhatsApp. Mwaka 2025 ilipoonekana kometi, yaani nyota yenye mkia, iitwayo 3I/ATLAS ikitoka nje ya mfumo wa jua letu, wanafunzi waliniletea video za sauti nzito zikidai ni chombo cha wageni na kwamba serikali za dunia zinaficha. Ilikuwa kometi yenye barafu, kitu cha tatu kujulikana kupita kwetu kutoka nje, jambo lenye uzito wake hata bila wageni ndani. Lakini ningewaonyesha nini? Ubao na chaki.

Sasa naomba mniazime sikio vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu hamtaniamini. Nchi hii ilishaingia kwenye swali la uhai wa angani zamani sana, na kwa mlango wa mbele. Watanzania wote tunakijua Kimondo cha Mbozi, tani kama 16 za chuma, tunapiga nacho picha. Ambacho hatukijui ni ndugu yake mdogo. Desemba 16, 1938, jiwe lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Momba. Kilichookotwa kilikuwa na gramu 705, kitu ambacho mama angekitia kwenye mkoba wa sokoni asisikie uzito. Jeusi, laini, la kumomonyoka. Hilo ndilo lenye thamani. Ukiondoa gesi, viambato vyake vinakaribia sana vya jua lenyewe, maana yake ni mabaki ya vumbi lililotengeneza sayari, hayajaiva wala kubadilika sana kwa zaidi ya miaka bilioni 4 na nusu. Mawe ya aina hiyo yaliyowahi kuonekana yakianguka duniani yanahesabika kwa vidole, na wanasayansi wameliita kundi zima kwa herufi CI. I ni ya Ivuna.

Mwaka 1961 watafiti wawili waliokuwa Marekani, George Claus na Bartholomew Nagy, waliweka chini ya hadubini punje za jiwe la Ivuna na za mwenzake wa Orgueil, Ufaransa, wakatangaza kwamba wameona maumbo yanayofanana na mabaki ya mwani. Mwani kutoka angani! Dunia ya sayansi ilichemka. Majarida yalijaa mabishano, wengine wakiwaunga mkono, wengine wakiwacheka. Mwishowe ikaonekana baadhi ya maumbo hayo ni chavua ya mimea ya hapa duniani iliyoingia kwenye jiwe, na mengine ni punje za madini tu. Dai likaanguka. Lakini ubishi huo uliwafundisha watu jinsi ya kulinda sampuli zisichafuliwe, na mwaka 2001 uchunguzi makini zaidi ukakuta ndani ya mawe hayo hayo mawili asidi amino, matofali ya protini, zilizotengenezwa huko huko angani bila kiumbe chochote. Hilo halijaanguka. Na Wajapani walipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu, mwamba unaozunguka jua, mwaka 2020, wakauchunguza kujua ni wa aina gani, jibu likawa: ni jamaa wa Ivuna.

Kipande kikubwa cha jiwe hilo kiko kwenye makumbusho London. Sidai kirudishwe kesho. Nauliza tu, Mheshimiwa Waziri: kuna mtoto gani wa kidato cha nne Tanzania anayemaliza shule akiwa amelisikia jina la Ivuna darasani? Wangu wamelisikia kwa sababu mwalimu wao ana ugonjwa wa mambo haya. Ukurasa mmoja kwenye kitabu ungetosha.

Ukurasa wa pili ungekuwa wa Mpingo. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipa nchi nafasi ya kutaja majina ya nyota na sayari, na Tanzania ikapewa nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71. Leo jina lake rasmi ni Mpingo, na sayari yake inaitwa Tanzanite. Iko kundi la Nyangumi, kundi lile lile la Tau Ceti ya Drake. Usitafute watu huko: Tanzanite ni dubwana la gesi linaloikaribia nyota yake mno, mwaka wake mzima haufiki siku 3. Lakini ni yetu kwa jina, na nimeshakaa chumba kizima cha walimu wa sayansi ambao hawakuwahi kuambiwa.

Na kuna hili linaloniuma kidogo, ingawa hakuna wa kumlaumu kati yenu. Vyombo viwili vya angani vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vilibeba santuri ya dhahabu yenye salamu kwa lugha 55, kwa yeyote atakayeikuta. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo. Hata Kiila cha Zambia kimo. Kiswahili hakimo. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, na yeyote atakayeiokota atadhani pwani yote hii na bara lake hatukuwa na la kusema.

Nalijua jibu mtakalonipa, kwa sababu nilishapewa mlangoni mwa ofisi moja ambayo sitaitaja: "Mwalimu, shule hazina matundu ya vyoo ya kutosha, wewe unataka darubini?" Ni hoja ya haki na siipuuzi, nafundisha kwenye shule hizo. Ila ombi langu la kwanza haliongezi barabara hata taa moja. Taa zitanunuliwa tu. Naomba zabuni iseme ni taa ya namna gani: yenye kofia, inayomulika chini peke yake, mwanga wa njano usiozidi kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga) badala ya ule mweupe wenye bluu unaosambaa zaidi angani. Nendeni mkasimame usiku chini ya taa za kioo cha mviringo zinazopendwa kwenye mageti na bustani. Tazama chini: njia imemulikwa nusunusu, na kivuli cha nguzo yenyewe kiko miguuni mwako. Tazama juu: kumbikumbi wanazunguka kwenye mwanga ambao hakuna binadamu anayeutumia, na umelipiwa LUKU. Dereva naye anapigwa machoni. Na yale mabango ya matangazo yanayowaka usiku kucha barabara haina mtu, hivi saa nane usiku yanamtangazia nani?

Si jambo la kinadharia. Mji wa Flagstaff, Arizona, ulianza kudhibiti taa kwa sheria ndogo tangu 1958, na mwaka 2001 ukawa wa kwanza duniani kutambuliwa kama mji wa anga la giza. Una barabara, hoteli, maduka, na taa. Zimefungwa vizuri tu. Mji huo ndio ambako Percival Lowell alijenga kituo chake mwaka 1894 na kuchora mifereji aliyoamini imechimbwa na watu wa Mirihi. Mifereji haikuwepo. Kituo kilibaki, na mwaka 1930 kikagundua Pluto. Afrika Kusini nao walitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo yao ya astronomia, na leo sahani 64 za darubini ya redio ya MeerKAT kule Karoo zinatumika, pamoja na mambo mengine, kusikiliza kama kuna mtu huko.

Hapo ndipo ombi la pili linapoingia. Afrika Kusini ina nchi 8 za Afrika inazoshirikiana nazo kwenye SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Kenya, Msumbiji na Zambia tunapakana nazo. Sisi hatumo. Ghana walichukua sahani kuukuu ya mawasiliano yenye upana wa mita 32 pale Kuntunse, wakaigeuza kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa 2017. Waheshimiwa, kukosa kwetu kunatokana na nini, hata barua ya kuomba kukaa mezani haiwezi kuandikwa?

La tatu ni dogo kuliko yote. Darubini moja ya kweli, kwa ajili ya shule za Dodoma, iwekwe mbali na taa za mji. Mimi ningeipeleka Kondoa, upande wa Kolo, ambako tangu 2006 michoro ya mapangoni iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia na wageni wanakuja mchana, wanaondoka jioni. Namibia wana hifadhi ya anga la giza tangu 2012 na watu wanalipa kwenda kulala huko wakitazama juu. Mkiamua Mpwapwa au Bahi sitagoma.

Tunachotumia sasa hivi ni darubini ya macho mawili niliyoazima kwa shemeji yangu anayeendesha watalii. Tunaiegemeza kwenye mwamba wa goli ili isitikisike, na wanafunzi wanapanga foleni, wasichana wakijifunika khanga kwa baridi ya usiku. Wa kwanza akachungulia, akanyamaza, kisha akasema pembeni ya Mshtarii kuna vidoti vinne vimejipanga mstari. Ni miezi yake ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mmoja wao ni Europa, wenye bahari chini ya barafu, na chombo kilichorushwa Oktoba 2024 kinaelekea huko kuangalia kama pana mazingira ya uhai. Nilipowaambia hivyo foleni ilivunjika, kila mtu anataka arudie. Upande wa magharibi, ilipo nuru ya mji, nyota hafifu tulikuwa tumeshazikosa.

Kwa ndugu zangu wa dini ambao huwa wananifuata baada ya vipindi kama hivi: Vatikani ina wanaastronomia wake na darubini yake Arizona, na mwaka 2008 mkuu wa kituo hicho, padri Mjesuiti, alisema kuamini uwezekano wa viumbe wengine hakupingani na imani. Na Waislamu darasani kwangu hunikumbusha kwamba wao husoma kila siku "Mola wa walimwengu", kwa wingi. Sioni ugomvi hapo.

Basi, Waheshimiwa, naombeni kipengele kimoja kwenye zabuni zijazo za taa, kabla nguzo za barabara ya mzunguko hazijasimikwa, maana kubadilisha taa iliyokwisha kufungwa ndiko kwenye gharama. Kurasa mbili kwenye kitabu cha fizikia. Barua moja kwenda Afrika Kusini. Darubini nitaisubiri. Kama mnahitaji mtu wa kuandika rasimu ya hicho kipengele, ninayo tayari, ukurasa na nusu, na likizo ya Juni niko mjini. Taarifa zipitie kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya, naye anajua pa kunipata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma